Ngozi ya Mkono wa Kushoto

Dada yangu Chizuru alikata kipande cha ngozi yangu,
kidogo kama punje ya mtama, juu ya kiwiko cha kushoto,
mahali ambapo bado nasikia maumivu.
"Aa!" nikasema. Akacheka: "Vizuri."
Akakitia kichupani, akapanda treni ya saa nne,
akaenda nacho Sapporo, theluji ikianguka njia nzima.

Huko alizifundisha seli zile kusahau.
Kusahau kuwa ngozi, kusahau jua na sabuni
na miaka yangu arobaini na mitatu,
hadi zikarudi utotoni, nyuma ya utoto,
pale ambapo kitu hakijaambiwa bado kiwe nini.
Seli shina, anaziita.
Kisha, kama mtu anayembembeleza mtoto ale,
akaziambia: sasa kuweni neva.

Zinakula kila siku.
Hazijui Jumapili, hazijui mwaka mpya.
Mama akipakua maharage meusi ya sikukuu,
kiti cha Chizuru kitupu: yuko maabara,
ananyonya kwa pipeti maji ya waridi ya jana,
anamimina ya leo. Nyuzi thelathini na saba,
joto la mwili wangu bila mwili wangu.
"Wajukuu wangu," mama huwaambia majirani,
"wanaishi kabatini."

Mimi nilianguka kutoka paani, Februari, nikipakua theluji
kwa koleo la baba, lile la mpini uliofungwa waya.
Nyumba yenyewe fupi. Hapa Asahikawa watu huanguka kila mwaka,
gazeti huwahesabu kando ya vipimo vya baridi.
Nilisikia kishindo, nikadhani ni theluji.
Kumbe ni mimi.

Neva ya mkono, ananieleza, ikikatika
huweza kukua milimita moja kwa siku,
kama mtu apapasaye ukuta gizani akitafuta swichi.
Lakini uti wa mgongo ukijeruhiwa hujenga kovu,
na kovu ni bawabu mwaminifu mno:
hulinda kidonda hata dhidi ya mganga.
"Kwa hiyo unabisha hodi," nikasema.
"Kwa hiyo nabisha hodi."

Majani yalipopukutika alinipigia simu usiku,
akanionyesha picha ya hadubini:
nyuzi za kijani, nyembamba, zikinyooshana,
zikigusana ncha, zikimetameta.
"Hizi ni zako. Zinazungumza."
Niliona wivu.
Sehemu yangu ilikuwa inakwenda mahali,
nami nimekaa, blanketi magotini, nangoja chai ipoe.

Kisha panya namba arobaini na moja
akainua mguu wa nyuma.
Sikuambiwa. Alinificha wiki tatu,
akarudia na panya kumi na wawili,
kumi na mmoja wakaburuta miguu kama kawaida.
Ndipo akaniambia, akimenya chungwa,
kwa sauti ya mtu asomaye bei za sokoni.
"Na yule wa kumi na mbili?"
"Labda."
Akanipa nusu ya chungwa.

Kila akija nyumbani huja na pini yake.
Hunivua soksi, huanzia kidole gumba.
"Unahisi?" "Hapana." "Hapa?" "Hapana."
Huandika. Daftari la kumi na nne sasa.

Mwezi uliopita jirani yetu Kuwabara alikuwa juu yetu,
koleo lake likikwangua bati.
Niliangalia kichwa cha dada yangu kilichoinama,
mvi zimeanzia utosini.
Nikafumba macho.
"Naam," nikasema. "Kidogo. Kama baridi."

Sikusikia kalamu.
Nilipofumbua macho pini ilikuwa bado mezani,
ndani ya kijaluba chake, kifuniko kimefungwa.

"Bado sijakugusa," akasema,
akanivisha soksi, taratibu,
akinyoosha mkunjo wa kisigino
kana kwamba mkunjo ule ungeniumiza.